Mama Mkwe na Korongo wa Kashenyi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua asubuhi, jua mchana. Kahawa imeanikwa, imeanuliwa, imeanikwa tena.

Habari kubwa: Jumapili ijayo, baada ya ibada, Kikundi cha Watazama Ndege cha Kashenyi kitachagua Kiongozi wa Matembezi. Kiongozi hutembea mbele. Kiongozi hubeba darubini, na kikundi kina darubini moja tu. Kiongozi ndiye atakayewapokea wageni wa kata jirani tarehe 17 na kuwaonyesha ndege wa bwawa letu kwa kidole.

Mtu huyo ni mimi. Nasema bila majivuno. Wazo la kutazama ndege Kashenyi lilikuwa langu. Kibanda cha mafunjo, ambamo watu hukaa wakachungulia bila kuonekana na ndege, nilikijenga kwa mikono yangu. Lameck, mwanachama mwenzangu, alisaidia kukata, kubeba, kufunga na kusimamisha.

Nimekwisha kuwatangazia watu wa hapa Kanoni, wakiwemo mafundi pikipiki wote, kwamba nimechaguliwa. Niliipelekea redio habari za wilaya hii kwa miaka mingi. Najua habari ikichelewa imekufa.

Kuna mpinzani. Projest. Ana duka la pembejeo. Ametokea Muleba, ameoa Mabira, amehamia kwetu na adabu nyingi. Ana simu yenye sauti za ndege. Akibonyeza, inalia kama mwewe. Watu hushangaa. Ng'ombe wangu hulia kama ng'ombe kila siku, na hajagombea uongozi.

Nimepima upepo. Projest ananizidi kura moja. Mama Evangelina hajaamua. Tukifungana, anayeamua ni katibu. Katibu ni mimi. Katiba niliiandika mwenyewe na sikusahau kifungu hicho.

Jumanne, 6 Mei

Kwa Mama Evangelina, kiongozi wa kwaya. Nilimkuta anachambua maharage. Nilimwamkia shikamoo ingawa tumepishana kidogo sana kwa umri. Kura ni kura.

Hakuzunguka. Alisema yumo kikundini mwaka mzima na hajaona korongo taji hata mmoja akicheza. Ameona migongo tu, ikiondoka. Kila tunapofika, mimi na Projest tunabishana ni nani amemwona kwanza, ndege anasikia, anaruka. Atampigia kura yule atakayemwonyesha korongo kwa karibu, ndege akiwa ametulia, na yeye Evangelina akiwa ameketi.

Nilimhakikishia. Alinipa viazi vitamu vya kurudi navyo. Dalili njema.

Mpango umekamilika kabla sijafika nyumbani. Korongo hupenda nafaka. Mimi nina mahindi. Hatua hii Projest hawezi kuifikiria, kwa sababu yeye mahindi huyauza.

Jumatano, 7 Mei

Jana jioni nilimwaga debe zima la mahindi mbele ya kibanda. Niliyatawanya kwa ustadi, yaonekane kama yameanguka yenyewe.

Leo alfajiri nilimchukua Mama Evangelina. Nilimwomba afumbe macho tukikaribia. Alifumba. Nilimkalisha kwenye benchi la kibandani, nikamwambia afumbue taratibu.

Mbele yetu: kuku. Kuku wengi sana. Jogoo mmoja mwekundu aliyejiheshimu.

Mama Evangelina akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kanisa: "Huyo jogoo ni wangu. Na hao wote ni wangu. Kumbe ndiko wanakolala siku hizi."

Nilieleza. Nadhani nilieleza vizuri, lakini nilikuwa bado na punje za mahindi mfukoni, na alipoona nazitoa alifikia hitimisho lake: ni mimi ninayewavuta kuku wake. Tuliwaswaga kuku hadi kwake. Jogoo alikataa kuswagwa. Nilimbeba. Tulipita mbele ya duka la Projest. Projest alinisalimia kwa heshima, akauliza kama huyo ndiye korongo.

Msimamo wa Mama Evangelina: hatampigia yeyote. Kwa hiyo bado nimezidiwa kura moja. Sijarudi nyuma. Nimebaki palepale, jambo ambalo kwa siku kama ya leo ni mafanikio.

Alhamisi, 8 Mei

Nimelipata jibu nikiwa napogoa migomba.

Katiba inasema mwanachama ni mtu yeyote aliyetembea nasi angalau mara moja. Matembezi ni Jumamosi. Uchaguzi ni Jumapili. Ninachohitaji ni mtu mmoja, mwenye miguu, ambaye hawezi kuninyima kura. Mtu huyo yuko Kihanga. Ni mama mkwe wangu.

Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa, lakini naandika kwa ukamilifu. Kwetu mwanaume hakai karibu na mama mkwe. Hali naye. Hapokei kitu mkononi mwake. Njiani hampiti. Jina lake halitamki, wala mimi sitaliandika. Hayo ni mambo ya heshima na hayahusiani na kura.

Kwa kuwa siwezi kwenda mwenyewe kukaa naye na kumshawishi, nimemtuma mke wangu, Agnetha. Alikuwa anamenya matoke. Aliweka kisu chini.

"Baba Ainebyona," akasema, "kile kibanda kina benchi moja. Mama akikaa, wewe utakaa wapi?"

Nilimwambia eneo la bwawa ni kubwa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na utomvu. Hata hivyo amekwenda. Amerudi na jibu: mama atakuja, na anauliza kama ndege hao wanaliwa.

Sasa kura ni sawa kwa sawa, na katibu ndiye anayeamua. Nimepita dukani kwa Projest na kumtakia kila la heri. Nilimaanisha kinyume.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika mambo yalivyotokea, kwa mpangilio.

Ukungu. Mama mkwe alifika kwa bodaboda kabla ya kila mtu, akiwa na mwavuli mweusi mkubwa. Nilipiga goti mbali kidogo, karibu na mfereji. Alinisalimia kupitia Agnetha. Nilijibu kupitia Agnetha. Ilikuwa salamu nzuri, ingawa ndefu.

Nilikuwa nimepanga kufika kibandani wa kwanza, nishike nafasi ya mbele. Lakini mama mkwe aliingia njiani kabla yangu, na njia ya kwenda bwawani inabeba mtu mmoja. Hatembei haraka. Alisimama kutazama viazi vya watu. Alisimama kumsalimia mama mmoja aliyekuwa akichota maji, wakaulizana habari za misiba miwili. Mimi nilisimama kila aliposimama. Wanachama walitupita wote kupitia majanini. Projest alinipita akisema, "Pole, Katibu." Alimpita na mama mkwe wangu pia, akimwamkia, kama mtu aliye huru.

Kibandani mama mkwe aliketi katikati ya benchi. Wengine walijipanga kulia na kushoto kwake. Projest bega kwa bega naye. Mimi nilibaki nje, nyuma, upande wa ukuta. Ni ukuta niliousimamia kwa makini sana. Hauna tundu hata moja.

Mvua ikaanza.

Nilipata ufa mdogo pembeni. Nilichungulia. Nikaona kitenge cha mama mkwe. Niligeuka mara moja na kuutazama mkaratusi kwa muda wote uliobaki.

Ndani, Projest alianza kubonyeza simu yake. Nilisikia korongo wa simu akilia. Kisha nikaisikia sauti ya mama mkwe, ya chini, isiyo na haraka: "Baba, zima hiyo. Wenyewe wapo."

Projest akazima. Kimya. Sijawahi kukisikia kikundi chetu kikiwa kimya. Kisha mabawa. Korongo taji, mbele kabisa ya kibanda, wakiruka na kuinama na kuruka tena, kwa jinsi nilivyoelezwa baadaye na kila mtu, mmoja mmoja, bila kuulizwa. Mama Evangelina alishika mdomo kwa mikono miwili. Lameck alisema wako karibu kiasi kwamba angeweza kuwatupia kofia. Projest alimwachia mama mkwe darubini, na mama mkwe akasema ya nini, anawaona.

Mimi niliwasikia vizuri sana. Naweza kusema hakuna mwanachama aliyewasikia vizuri kama mimi.

Nimerudi nimelowa. Agnetha amenipa chai, akaniuliza korongo walikuwaje. Nimemwambia walikuwa na sauti imara.

Jumapili, 11 Mei

Uchaguzi. Ulifanyika barazani kwa chama cha msingi, baada ya ibada. Lameck alisimamia. Nilivaa koti.

Nilizungumza kwanza. Nilitaja kibanda, katiba, redio na uzoefu wangu wa kutambua ndege kwa sauti pekee. Makofi ya wastani. Projest alisema kwamba yeyote atakayechaguliwa, yeye atamsaidia. Makofi mengi. Ujanja mtupu.

Mama mkwe alikuwa ameketi mwisho wa baraza upande wa kushoto. Kwa hiyo nilihutubia upande wa kulia.

Ndipo Mama Evangelina akasimama. Alisema anawaheshimu waheshimiwa wote wawili. "Lakini mnatuchosha," akasema. "Mwaka mzima tumetazama ninyi mkigombana. Jana ndege walikuja kwa sababu alikuwepo mtu mmoja aliyewanyamazisha wote wawili. Mmoja kwa neno, na mwingine kwa kuketi tu. Mimi nampendekeza huyo."

Watu wakaguna kwa furaha. Lameck akafungua katiba. Kwa mujibu wa katiba, jina kamili la kila mgombea lazima litangazwe na katibu, kwa sauti, mbele ya wanachama. Kifungu hicho nilikiweka ili jina langu lisikike.

Nilisimama. Nikasema mgombea wa tatu ni mama wa Agnetha.

Lameck akauliza mama wa Agnetha anaitwa nani.

Nikasema ni bibi wa Ainebyona.

Lameck akasema katiba inataka jina. Nilikohoa. Nikasema ni mkazi wa Kihanga, mkulima, Mlutheri, anayejulikana sana. Baraza lote lilikuwa limeinama, mabega yakitikisika. Nilitazama kama Projest anacheka. Hakucheka. Alikuwa anatazama kiatu chake kwa nguvu zote.

Agnetha akaokoa mkutano. Kutoka nyuma akasema: "Anaitwa Mackrine. Endeleeni."

Lameck akauliza kama kuna anayepinga. Kila mtu alinigeukia mimi. Hata mwenye baiskeli aliyekuwa akipita barabarani alisimama.

Mwanaume hampingi mama mkwe wake mbele ya watu. Nilinyoosha mkono kumuunga mkono, na niliunyoosha wa kwanza. Projest akafuata. Wengine wote wakafuata. Ninasisitiza mpangilio huo. Historia ikiulizwa nani alimweka madarakani kiongozi wa kwanza wa matembezi Kashenyi, jibu ni kwamba mimi nilimleta, mimi nilianza.

Mafundi pikipiki waliniuliza vipi, mbona inasemekana kachaguliwa mwingine. Niliwajibu kwamba uongozi umebaki kwenye familia.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya wageni. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, na padri mmoja mwenye viatu visivyofaa.

Mama mkwe alitembea mbele, darubini shingoni. Wageni nyuma yake. Nilikuwa nimepanga kujitokeza kwenye kona ya pili na kuchukua maelezo ya kitaalamu, lakini mama mkwe alimwita Agnetha na kusema: "Mwambie mkwe wangu anibebee mwavuli."

Ni heshima kubwa. Kati ya watu wote pale, alinitaja mimi.

Ugumu ulikuwa mmoja. Mwavuli unamfaa mtu aliye chini yake, na mimi siruhusiwi kufika hapo. Niliubeba ukiwa wazi, juu, kwa umbali unaostahili. Jua likawa kali. Kisha likaja rasharasha. Mama mkwe alipigwa na jua, akanyeshewa, akaongea na wageni bila wasiwasi. Mimi sikupatwa na lolote.

Nilimsikia mgeni mmoja akimuuliza Projest yule bwana mwenye mwavuli kule nyuma ni nani. Projest alijibu: "Huyo ndiye mwanzilishi wetu." Hakucheka alipolisema. Nimelifikiria jibu hilo siku nzima na bado sijaona tusi limefichwa wapi.

Korongo walikuja. Kila mgeni alipewa darubini kwa zamu. Mwishoni mama mkwe akamwambia Agnetha kwamba hata mkwe wake atazame, maana hajaona bado. Jambo hilo lilisikika kwa wote. Kwa kuwa siwezi kupokea kitu mkononi mwake, aliishusha darubini kwenye majani, akaondoka hatua kadhaa. Nikafunga mwavuli. Nikaenda. Nikainama, nikaiokota, nikairekebisha, nikatazama.

Niliona maji. Niliyaona kwa uwazi mkubwa. Korongo walikuwa wameondoka kwa sababu ya mwavuli. Wanasema ukifungwa unatoa mlio.

Tukirudi, Agnetha aliniambia kwamba tangu baba yake afariki mama yake alikuwa hatoki nyumbani, hata harusini alikuwa akituma salamu. Sasa anauliza Jumamosi itafika lini. Nimeliandika kwa kuwa ni kweli. Nafasi ya kiongozi, hata hivyo, inabaki kuwa yangu kwa haki.

Jumatatu, 19 Mei

Ushindi!

Wazo lilinijia asubuhi wakati wa kukamua. Nimekuwa nikilitazama jambo hili upande mmoja. Kama mama mkwe mmoja anatosha kumtoa mtu kibandani, kumchelewesha njiani na kumfunga mdomo mkutanoni, basi kinachomfanya Projest kuwa na nguvu ni kitu kimoja tu. Mama mkwe wake yuko Mabira. Hayuko hapa.

Niliwasha pikipiki nikaenda Mabira.

Mama huyo anaitwa Prudensia. Jina lake naliandika kwa raha. Nilimkuta anaanua mtama. Nilimwamkia, nikajitambulisha kama rafiki mkubwa wa mkwe wake, nikamweleza kwamba kuna ndege wanaocheza, kuna kibanda chenye benchi zuri, na kwamba Projest anaona aibu tu kumwalika. Alisema amesikia habari za ndege hao mpaka huko. Alifunga kibegi, akasema atakaa kwa binti yake hadi mwezi uishe. Akapanda nyuma yangu. Sikuamini urahisi wake.

Tulikwenda vizuri. Tulizungumza. Aliniuliza nimeoa wapi. Nikasema Kihanga. Akauliza kwa nani. Nikamtajia baba mkwe, marehemu. Tulipopanda mlima akauliza mke wa huyo marehemu ni binti wa nani, na babu yake ni nani. Nikamjibu. Hayo si jina lake, naruhusiwa.

Akanigonga begani. "Simama."

Nikasimama.

"Huyo ni dada yangu," akasema. "Babu yetu mmoja. Kwa hiyo wewe ni mkwe wangu, na umenibeba mgongoni tangu Mabira."

Alikuwa ameshashuka kabla sijazima injini. Niliruka upande wa pili hadi ukingoni mwa barabara, nikapiga goti. Tukabaki hivyo, kila mmoja akitazama shamba la upande wake. Ikapita bodaboda iliyobeba mikungu miwili ya ndizi. Akaisimamisha, akapanda juu ya ndizi, ikaondoka.

Niliifuata. Ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza wageni, na mama mkwe hapitwi njiani. Nimefika Kanoni jioni, nimerushiwa tope kuanzia kofia hadi viatu, na kila aliyeniona alijua ni nani anayeheshimu wakwe zake wilaya hii.

Agnetha amenipokea na sabuni. Ameniuliza sasa nimepata nini, mama wawili kikundini, na mimi nje ya kibanda maisha yangu yote.

Nimemweleza taratibu, maana hana uzoefu wa uchaguzi. Ni kweli sasa nina wakwe wawili. Jina la Prudensia nililoliandika hapo juu itabidi nilikate. Lakini kama hao wawili ni dada, basi Projest naye ana wakwe wawili. Tena Jumamosi ile alikaa bega kwa bega na mmoja wao, akazungumza naye na kumpa darubini mkononi, mbele ya mashahidi. Kuanzia Jumamosi hii atasimama nje, nyuma ya ukuta, kwenye mvua, pamoja nami.

Kwa maneno mengine, tuko sare. Haijawahi kutokea nikawa sare na Projest.

Kesho nakwenda kuutafutia ule ukuta nafasi ya watu wawili. Upande wenye ufa utakuwa wangu. Mimi ndiye mwanzilishi.